Aliyetua kwa mguu mmoja: mruko wa barafuni unastahili jina la nani?

Tangu mwaka 2024, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Kuteleza, ISU, lilipoondoa samasoti kwenye orodha ya miruko iliyokatazwa, mtandaoni kumekuwa na ubishi usiokwisha. Kila Ilia Malinin wa Marekani anapopinduka kinyumenyume juu ya barafu, kichwa chini miguu juu, kisha akatua na kuendelea kuteleza, video husambaa na mabishano huanza upya. Kuna wanaotaka mruko huo uitwe kwa jina lake, kwa kuwa kizazi hiki kimeuona kwake. Wengine wanadai ni wa Surya Bonaly, Mfaransa aliyeuruka kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 na kutua kwa mguu mmoja. Wajuzi wa historia nao huja na jina la tatu, Terry Kubicka, Mmarekani aliyeufanya kwenye Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1976, na wakilitaja huona shauri limekwisha. Naona kambi zote tatu zimejenga juu ya msingi mmoja, na msingi wenyewe ni mbovu. Zote zinachukulia kwamba jina la mruko ni hati ya uvumbuzi, kwamba aliyetangulia ndiye hupewa. Katika mchezo huu haijawahi kuwa hivyo. Majina yamekwenda kwa watu waliokuwa mahali pa kuonekana na kutajwa, na wapo waliofungiwa mlango wa mahali hapo. Ndiyo maana nashikilia kwamba samasoti ya kutua kwa mguu mmoja iitwe Bonaly, ingawa sababu yangu siyo ile wanayoitoa wengi wa mashabiki wake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuufuatilia mchezo huu, miruko inayohesabiwa sana ni sita. Ukiitazama kwa haraka yote inafanana: mchezaji anajirusha, anajizungusha hewani mara moja, mbili, tatu au nne, kisha anatua kwa mguu mmoja akirudi kinyumenyume. Tofauti iko pale anapoondokea. Je, ameegemea ukingo wa ndani wa chuma cha kiatu chake, au ukingo wa nje? Amechomeka barafuni meno yaliyo kwenye ncha ya chuma cha mguu wa pili ili ajisukume, au hakuchomeka? Kati ya sita hiyo, mitano huanza mchezaji akiwa anakwenda kinyumenyume. Ni mmoja tu unaoanza akitazama aendako, nao ni Axel. Kwa sababu hiyo Axel una nusu mzunguko wa ziada, na ndio mgumu kuliko yote. Ule wa mizunguko minne umewekewa thamani ya alama 12.50, na Malinin ndiye mtu wa kwanza kuutua katika mashindano, huko Lake Placid, Septemba 2022. Mpwa wangu anayejifunza ufundi wa magari alipolisikia jina hilo kwenye simu yangu aliniuliza, «Mjomba, ekseli ya nini tena kwenye barafu?» Aliuliza kwa dhati, na wala si yeye peke yake aliyechanganya, hata Waingereza huandika jina la mruko huo kama la chuma cha gari kila wakati. Axel ni mtu. Ni Axel Paulsen, Mnorwei aliyeuruka mjini Vienna mwaka 1882 akiwa amevaa viatu vya mashindano ya mbio za barafuni, vyenye vyuma virefu visivyofaa hata kidogo kwa kazi hiyo. Kinachonivutia ni kwamba dunia ilichukua jina lake la kwanza na kuliacha la ukoo, kinyume na ilivyowafanyia wenzake wote. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Watu walizoea kutamka hivyo, wakaendelea.

Salchow, mruko unaoanzia ukingo wa ndani kwa kurudi nyuma, unatajwa kuwa wa mwaka 1909 na wa Ulrich Salchow wa Sweden. Huyu alikuwa bingwa wa dunia mara 10 kati ya 1901 na 1911, akachukua medali ya dhahabu ya Olimpiki ya London mwaka 1908, kisha akawa rais wa ISU kuanzia 1925 hadi 1937. Simaanishi kwamba alijipachikia jina. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye cheo na sifa hizo hapotei kwenye kumbukumbu: kila kitabu cha kanuni, kila mwalimu, kila jaji alimjua. Pembeni yake muweke Alois Lutz, kijana wa Austria anayehusishwa na mruko wa mwaka 1913. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, na alifariki mwaka 1918 kabla ya kutimiza miaka 20. Kama jina lingekuwa zawadi ya cheo, Lutz asingelipata. Lakini aliruka Vienna, na enzi hizo Vienna ndiyo ilikuwa kama Makka ya mchezo huu. Kilichofanyika pale kilionwa na watu ambao maneno yao yalifika mbali. Uwe na cheo au uwe mahali panapotazamwa, mojawapo lazima liwepo.

Ushahidi mzito zaidi ni wa Werner Rittberger, Mjerumani wa mwaka 1910. Ukitazama mashindano kwa Kijerumani, Kirusi au Kipolandi, mruko wake unaitwa Rittberger hadi leo. Ukiyatazama kwa Kiingereza, mruko huohuo, kwenye barafu ileile, sekunde ileile, unaitwa kwa neno lenye maana ya kitanzi. Mtu mmoja anaenziwa upande mmoja wa Ulaya na hajulikani upande wa pili, na hakuna aliyebadilisha historia. Lugha tu ndiyo imebadilika. Mruko mwingine wa kitanzi, ule wa kuchomeka ncha ya kiatu, unahusishwa na Mmarekani Bruce Mapes wa miaka ya 1920, naye jina lake halikushika popote barafuni. Warusi walilichukua neno la Kiingereza la mruko huo wakalitamka kwa ulimi wao likawa «tulup», neno ambalo kwao pia ni koti zito la ngozi ya kondoo. Kwa hiyo anayesema majina haya ni daftari la wavumbuzi atueleze Mapes yuko wapi kwenye daftari hilo, na kwa nini Rittberger ameandikwa kwenye kurasa za lugha fulani tu.

Sasa tuwaangalie wanawake, maana hapa ndipo mambo yanapouma. Mwaka 1902 Madge Syers wa Uingereza aligundua kwamba kanuni za mashindano ya dunia hazikusema popote kuwa mshiriki lazima awe mwanamume. Hakuna aliyewahi kufikiria kuliandika hilo. Akajiandikisha, akashindana na wanaume mjini London, akawa wa pili, nyuma ya Salchow huyohuyo. ISU ikajibu kwa kuwazuia wanawake, na mashindano yao wenyewe yakaanzishwa mwaka 1906. Miaka 14 baadaye, kwenye Olimpiki ya Antwerp ya 1920, Mmarekani Theresa Weld aliruka mruko wa Salchow. Alichukua medali ya shaba, ila majaji walimwonya: mruko ule ulirusha sketi yake hadi magotini, na jambo hilo halikumpasa mwanamke. Fikiria maana yake. Kitendo kilekile, kikifanywa na mwanamume, kinaingia kwenye kamusi ya mchezo kikiwa na jina lake. Kikifanywa na mwanamke, kinamletea karipio. Halafu miaka 100 baadaye tunaulizana kwa mshangao mbona katika miruko yenye majina ya watu, Axel, Salchow, Lutz, Rittberger, hamna hata mwanamke mmoja, kana kwamba wanawake hawakuwa wakiruka. Cecilia Colledge wa Uingereza alikuwa mwanamke wa kwanza kutua mruko wa mizunguko miwili katika mashindano, mwaka 1936. Yeye pia ndiye anayetajwa kuanzisha mzunguko wa kusimama kwa mguu mmoja huku kiwiliwili na mguu wa pili vikiwa vimelala sambamba na barafu. Mzunguko huo unaitwa wa ngamia. Ngamia amepata heshima aliyoikosa Colledge.

Wapo watakaonikumbusha kwamba wanawake nao wana majina barafuni, na wana haki. Kuna Ina Bauer wa Ujerumani, mwenye mtelezo wa miguu iliyoachana, goti moja limekunjwa. Kuna Denise Biellmann wa Uswisi, bingwa wa dunia wa 1981, mwenye ule mzunguko ambao mchezaji hushika chuma cha kiatu kwa nyuma na kukivuta hadi juu ya kichwa. Lakini tazama ni vitu gani walivyoachiwa: mitelezo na mizunguko, vitu vya kupendeza, vya mgongo laini na mikono mirefu. Biellmann alikuwa pia mwanamke wa kwanza kutua Lutz ya mizunguko mitatu katika mashindano, mwaka 1978, na hakuna anayemkumbuka kwa hilo. Jambo la pili, na ndilo linaloamua kesi yetu, ni kwamba Biellmann hakuwa wa kwanza kufanya mzunguko unaoitwa kwa jina lake. Tamara Moskvina wa Umoja wa Kisovieti aliufanya miaka ya 1960. Mzunguko ukaitwa Biellmann kwa sababu yeye ndiye aliyeufanya ukaonwa na dunia nzima, akaukamilisha, na baada yake kila msichana akataka kuuiga. Hakuna aliyeandamana kudai haki ya Moskvina, na Moskvina mwenyewe amekuwa mmoja wa makocha wakubwa kabisa wa mchezo huu. Kanuni isiyoandikwa iko wazi: jina humwendea aliyekifanya kitu kikawa chake machoni pa watu.

Turudi sasa kwenye samasoti. Kubicka aliipiga Innsbruck mwaka 1976 na kutua kwa miguu miwili. Haikuwa imekatazwa. Muda mfupi baadaye ISU iliikataza, kwa hoja mbili. Ya kwanza ni hatari: mtu anayepinduka kichwa kikiwa chini, juu ya sakafu ngumu kama jiwe, akivaa vyuma vyenye makali miguuni, akikosea haumii kidogo. Ya pili ni desturi: katika mchezo huu mruko hutuliwa kwa mguu mmoja, na samasoti hutuliwa kwa miwili. Marufuku hiyo ilidumu karibu nusu karne. Katikati yake akatokea Surya Bonaly, binti aliyekuja kwenye barafu akitokea kwenye jimnastiki. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, 1991 hadi 1995, na mshindi wa pili wa dunia mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Kwenye Olimpiki ya Albertville ya 1992 alikula kiapo kwa niaba ya wachezaji wote, na katika mashindano yenyewe akajaribu mruko wa mizunguko minne wakati ambapo hakuna mwanamke aliyekuwa ameutua. Alikuwa mwanamke mweusi katika mchezo ambao wasifu wake ulikuwa ukiandikwa kwa maneno kama neema na umaridadi, na yeye akawa anaambiwa ana nguvu. Mwanzoni waandishi walisimuliwa kwamba alizaliwa kisiwa cha Réunion, hapa kwetu Bahari ya Hindi, hadithi iliyonoga ya binti wa kisiwani. Ukweli ni kwamba alizaliwa Nice, Ufaransa. Hata asili yake ilitungiwa maneno na watu wengine kabla yeye hajafungua kinywa.

Nagano, Februari 1998. Alikuwa na jeraha la kano ya kisigino, nafasi ya medali imeshaponyoka, na programu yenyewe haimwendei. Hapo akajirusha kinyumenyume, akapinduka, akatua kwa mguu mmoja. Alijua atakatwa alama, na akakatwa. Akamaliza wa 10. Watu wengi husimulia tukio hili kama hasira, kama mtu anayewabamizia majaji mlango. Mimi naliona kama hoja. Marufuku ilisimama juu ya miguu miwili, hatari na kutua, na yeye hapohapo mbele ya majaji aliuondoa mmoja. Mmesema mruko hutuliwa kwa mguu mmoja. Haya, nimetua kwa mguu mmoja. Hapa ndipo ninapoachana na mashabiki wake wanaotaka apewe jina kama fidia ya machungu. Machungu yalikuwapo; kwenye mashindano ya dunia ya 1994 huko Chiba, baada ya kushindwa na Yuka Sato, aliivua medali ya fedha akiwa jukwaani huku akilia. Lakini fidia hupewa mtu aliyeonewa, na mjadala wa nani alionewa kiasi gani hauna mwisho. Jina la mruko linahitaji kitu kigumu zaidi ya huruma: tendo linaloweza kutenganishwa na matendo mengine. Bonaly analo. Samasoti ya kutua kwa mguu mmoja si samasoti ya Kubicka, kama vile Lutz si mruko mwingine wa kuchomeka ncha, ingawa tofauti yao ni ukingo wa chuma usiozidi milimita chache.

Hoja yenye uzito dhidi ya msimamo wangu inatoka kwa wanaopenda utaratibu. Wanasema tuige jimnastiki. Huko, mchezaji akipeleka maombi na akafanikisha kitendo kipya katika mashindano yanayotambuliwa, jina lake huandikwa kwenye kitabu cha kanuni. Ndivyo Simone Biles alivyofikisha vitendo vitano vyenye jina lake. Utaratibu huo ni mzuri na wa haki, na laiti barafuni wangekuwa nao toka 1902. Tatizo ni kwamba hawana, na kuuleta leo kwa ajili ya kesi moja ni kubadilisha masharti pale tu mwanamke mweusi anapofika mlangoni, wakati Biellmann na Paulsen waliingia bila kuombwa risiti. Isitoshe, hata ISU ikitaka kuandika, haina pa kuandika. Kwenye karatasi ya alama kila mruko una herufi zake, A kwa Axel, S kwa Salchow, Lz kwa Lutz, kwa sababu una thamani. Samasoti imeruhusiwa lakini haikupewa thamani yake kama mruko. Inaingia kama pambo, ikisaidia tu mvuto wa programu. Kwa hiyo wanaokusanya saini ili shirikisho litangaze jina wanagonga nyumba isiyo na mwenyeji. ISU inaweza kuamua majina ya kwenye karatasi, na mwaka 2018 iliamua, mruko uliokuwa ukiitwa nusu kitanzi ukaandikwa Euler. Lakini jina la kwenye midomo ya watu linatoka kwa watangazaji, waalimu na waandishi.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa sana, ni kwamba tendo la Bonaly lilikuwa kosa kisheria, na kosa haliwezi kuenziwa. Inasikika kama hoja ya nidhamu. Ila tukiikubali, tunamwambia Theresa Weld kwamba karipio la sketi lilikuwa sahihi, na Madge Syers kwamba ilifaa azuiwe. Tena ISU yenyewe imeshaitupa hoja hiyo. Adam Siao Him Fa, Mfaransa mwenziwe Bonaly, alipiga samasoti kwenye mashindano ya dunia ya Montreal mwaka 2024 ilhali marufuku bado ipo, akakatwa alama 2, na bado akaondoka na medali ya shaba. Miezi michache baadaye marufuku ikaondolewa. Hakuna aliyesema kijana huyo ni mvunja sheria. Walisema ni mwenye ujasiri. Uvunjaji wa kanuni uleule, katikati yake miaka 26, na neno limebadilika.

Malinin hana kosa katika haya. Alipopinduka mjini Milan kwenye Olimpiki ya Februari 2026, alifanya kitu kilichoruhusiwa, na alikifanya vizuri. Anayo pia nafasi yake kwenye historia, na siyo ndogo: Axel ya mizunguko minne ilionekana kwa miaka mingi kuwa jambo lisilowezekana mpaka yeye alipoitua. Kinachonisumbua ni vichwa vya habari vilivyoitangaza samasoti yake kama kitu kilichotoka mbinguni siku hiyo, vikijificha nyuma ya maneno «ya kwanza halali kwenye Olimpiki baada ya miaka 50». Kihesabu ni kweli. Lakini neno «halali» hapo linafanya kazi ya kifutio: linaruka moja kwa moja kutoka 1976 hadi 2026 na kumfuta aliyesimama katikati. Hivyo ndivyo majina yanavyopotea. Kinachohitajika ni sentensi moja iliyopangwa vizuri, irudiwe na vyombo 100 kwa siku moja.

Na sisi tunaoandika na kutangaza kwa Kiswahili hatuko nje ya hili kwa kuwa hatuna barafu. Tumezoea kuupa mpira wa miguu majina yetu wenyewe kutokana na tunachokiona: tobo, kanzu, chenga, tikitaka. Hatukumuuliza mtu. Mchezo wa barafuni unatufikia sasa kupitia simu, na Kiswahili chake ndicho kinaanza kuundwa. Mtangazaji atakayesema «amepiga samasoti» hatakuwa amekosea, kwani ndilo neno la watoto wetu ufukweni, nalo linatosha kwa ile ya miguu miwili. Akitaka kumtaja Kubicka na mwaka 1976 hapo ndipo pake. Lakini mchezaji akipinduka, akashuka kwa mguu mmoja, na mguu wa pili ukabaki hewani wakati chuma kinakata barafu, aseme: «Bonaly!» Asisubiri barua kutoka makao makuu ya ISU huko Lausanne. Warusi hawakuisubiri kwa tulup, wala Wajerumani kwa Rittberger.